TUVIKE SUFURIA ZETU
Joto linalopotea majikoni mwa Handeni na Korogwe

Katika nchi za Ulaya, ambako majira ya baridi ni makali, nyumba nyingi hupashwa joto kwa maji. Maji huchemshwa katika tangi moja, aghalabu chini ya nyumba, kisha husafirishwa kwa mabomba ya chuma au shaba hadi vyumbani. Njiani bomba hupita ghalani, chini ya sakafu na mahali pengine pasipokaliwa na mtu. Bomba likiwa tupu, ghala hupata joto, panya hupata joto, na mwenye nyumba hupata hati ya madai ya mafuta aliyoyachoma. Ndiyo sababu mafundi wa huko humshauri kila mwenye nyumba avike mabomba yake vazi la sufu ya kioo au sponji. Gharama ya vazi hilo hulipwa mara moja; gharama ya kutolivika hulipwa kila mwaka.

Msomaji wa Korogwe, ambaye mwezi wa Februari hutafuta kivuli wala si joto, huenda akauliza habari hizo zinamhusu nini. Na ajiulize kwanza: bomba la maji ya moto ni kitu gani? Ni chombo cha madini chenye maji ya moto ndani yake, kilichozungukwa na hewa iliyo baridi kuliko maji hayo. Kwa maana hiyo, sufuria ya maharage iliyo juu ya mafiga matatu ni bomba fupi lililozibwa upande mmoja. Kanuni ya maumbile inayomfilisi mwenye nyumba wa Ulaya ndiyo ileile inayommalizia kuni mama wa Handeni. Tofauti ni kwamba mwenzetu amekwisha kuvika bomba lake, nasi sufuria zetu tumeziacha uchi.

Rai yangu katika makala haya ni moja. Tunajadiliana sana juu ya nishati ya kupikia: kuni, mkaa, gesi, umeme, na aina za majiko. Mazungumzo hayo ni ya lazima. Lakini karibu yote huhusu namna ya kuingiza joto chunguni, na ni machache mno yanayohusu namna ya kulizuia lisitoke. Mtu anayechota maji kwa ndoo iliyotoboka hatibu shida yake kwa kutafuta kisima kikubwa zaidi. Hana budi kuziba tundu. Shule zetu za sekondari, hasa za wilaya hizi mbili za Mkoa wa Tanga, zina elimu yote inayohitajika kuziba tundu hilo, na vifaa vyote viko mlangoni.

Joto huondokaje?

Kila mwanafunzi wa fizikia hufundishwa kwamba joto huhama kwa njia tatu. Ya kwanza ni mpitisho: joto hupita ndani ya kitu chenyewe, kama linavyopanda kwenye mpini wa kijiko kilichosahauliwa chunguni. Ya pili ni myuko: hewa au maji yakipata moto huwa mepesi, hupanda, na ya baridi huja mahali pake. Ya tatu ni mnururisho: joto husafiri bila kuhitaji kitu cha kulibeba, kama jua linavyotufikia. Sufuria ya moto iliyowekwa mezani hupoteza joto lake kwa njia zote tatu kwa wakati mmoja. Na ikiwa haina mfuniko, iko njia ya nne iliyo kubwa kuliko zote, nayo ni mvuke.

Vitu havilingani katika kupitisha joto. Alumini, ambayo ndiyo madini ya sufuria zetu nyingi, hupitisha joto vizuri mara elfu kadhaa kuliko pumba kavu za mpunga. Siri ya pumba si pumba zenyewe bali ni hewa iliyofungiwa kati yake. Hewa iliyotulia ni miongoni mwa vihami bora kabisa tulivyo navyo, yaani vitu vinavyolizuia joto kupita. Hewa inayotembea huwa mwizi, lakini hewa iliyofungwa katika vijumba vidogo ni mlinzi. Sufi, pamba, katani, maranda ya mbao, majani makavu ya migomba, manyoya ya ndege na blanketi hufanya kazi hiyo moja ya kuifunga hewa isitembee.

Jambo hili si geni majumbani mwetu. Mwaka 1892 mwanasayansi James Dewar alitengeneza chupa yenye kuta mbili za kioo, akaiondoa hewa kati yake, na kuta zikapakwa rangi ya fedha. Palipo na utupu hapana mpitisho wala myuko, na kuta zinazong'aa hurudisha mnururisho ulikotoka. Chombo hicho leo ni chupa ya chai. Utaikuta Mombo, utaikuta Mkata, utaikuta Kwamsisi. Mama huchemsha chai alfajiri, na mgeni akija saa nne hunywa ikiwa bado ya moto, bila kijiti kimoja cha kuni kuongezwa. Kwa hiyo kanuni tumekwisha kuikubali. Chai tumeivika, maharage tumeyaacha uchi.

Hesabu ya sufuria moja

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tufungue daftari la joto kwa sufuria moja ya maharage, na naomba kila mwanafunzi achukue kalamu na kuihakiki hesabu hii mwenyewe.

Tuseme mama ana kilo 1 ya maharage na lita 3 za maji, jumla kilo 4. Ili hesabu iwe nyepesi, tuchukulie kwamba kilo zote 4 ni maji. Kupandisha kilo 1 ya maji kwa nyuzijoto 1 huhitaji kilojuli 4.2. Kutoka nyuzijoto 25 hadi 100 ni nyuzijoto 75. Basi kuchemsha sufuria hiyo huhitaji 4 × 4.2 × 75, yaani kilojuli 1,260.

Maharage sasa yanatokota, lakini hayajaiva. Mama huendelea kuchochea moto kwa muda wa saa 2 au zaidi, huku akiongeza maji kila yanapopungua. Tuseme mpaka yatakapoiva, lita 2 za maji zimetoka zikiwa mvuke. Kugeuza kilo 1 ya maji yanayochemka kuwa mvuke huhitaji kilojuli 2,260 hivi. Hili ndilo tunaloliita joto fiche. Kwa lita 2 ni kilojuli 4,520.

Zitazame namba hizo mbili. Kuchemsha chakula kumegharimu kilojuli 1,260. Kutengeneza mvuke, ambao haukuingia tumboni mwa mtu yeyote, kumegharimu kilojuli 4,520, yaani zaidi ya mara tatu na nusu.

Tuzigeuze sasa ziwe kuni. Kilo 1 ya kuni zilizokauka vizuri ina nishati ya kilojuli 16,000 hivi. Katika mafiga matatu, sehemu kubwa ya nishati hiyo huruka na upepo na moshi. Tukikadiria kwamba sehemu 1 tu kati ya 10 huingia chunguni, kilo 1 ya kuni hutupatia kilojuli 1,600. Kwa kadirio hilo, kuchemsha kunahitaji karibu kilo 0.8 ya kuni, na mvuke unahitaji karibu kilo 2.8. Katika mzigo wa kilo 3.6 ambao pengine binti ameubeba kichwani kutoka porini, kilo 0.8 ilipika, na kilo 2.8 zilifanya mawingu.

Mtu atasema kwamba bila kutokota maharage hayaivi. Hapa ndipo lilipo kosa tunalolirithi. Maji yanayochemka polepole na maji yanayochemka kwa ghadhabu yana halijoto ileile. Kuongeza moto huongeza mvuke, hakuongezi joto la chakula. Tena, chakula hakihitaji nyuzijoto 100 kamili. Kiwango cha kuchemka kwa maji hushuka kwa karibu nyuzijoto 1 kwa kila mita 300 za mwinuko. Ndugu zetu wa Lushoto, walio kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yao huchemka katika nyuzijoto 95 hivi. Maharage yao huiva. Huchukua muda mrefu kidogo tu. Kinachoivisha ni joto lililodumu kwa muda, wala si fujo ya mapovu.

Vazi la sufuria

Ikiwa kinachohitajika ni joto kudumu, basi swali lililobaki ni la bomba: tutalizuiaje joto lisiondoke?

Tuchukue sufuria ileile ya kilo 4, yenye mfuniko, ikiwa imeepuliwa na kuwekwa mezani. Eneo la nje la sufuria ya ukubwa huo ni karibu mita ya mraba 0.2. Katika hewa tulivu ya jikoni, kila mita ya mraba hupoteza wati 10 hivi kwa kila nyuzijoto 1 inayoizidi hewa. Sufuria iliyozidi hewa kwa nyuzijoto 75 itapoteza wati 150. Kwa kasi hiyo, baada ya saa 1 chakula kitakuwa chini ya nyuzijoto 75, na kuiva kutakuwa karibu kumekoma.

Sasa tuivike sufuria hiyo pumba kavu zenye unene wa sentimita 5 pande zote, chini na juu pia. Kwa hesabu ya mpitisho, upotevu utashuka hadi wati 14 hivi. Hata tukisema kwamba kazi ya mikono haiwi kamilifu, kwamba kuna mianya na pumba hazikushindiliwa sawasawa, na tuuzidishe upotevu huo mara mbili, baada ya saa 3 chakula bado kitakuwa na nyuzijoto 85 hivi. Muda wote huo maharage yanaendelea kuiva, wala hakuna kuni inayowaka.

Chombo chenyewe ni kapu. Chukua kapu au tenga linaloipokea sufuria na kubakiza nafasi ya sentimita 5 hadi 10 kila upande. Tandika ndani gunia safi au kitambaa kizito. Jaza kihami chini, kisha pande zote, na ufanye tundu la kiasi cha sufuria. Shona mto mnene wa kihami hichohicho uwe mfuniko wa juu. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huchemshwa kwa dakika 20 yakiwa yamefunikwa, sufuria huepuliwa ikiwa bado inatokota, huingizwa kapuni mara moja, mto hushindiliwa juu, na hapana ruhusa ya kuchungulia. Kila anayechungulia huilipa hewa ya baridi kodi.

Tukikadiria kwamba katika dakika 20 hizo kilo 0.3 ya maji imekuwa mvuke, jumla ya joto lililotumika ni kilojuli 1,940 hivi, badala ya 5,780. Kuni zimeshuka kutoka kilo 3.6 hadi kilo 1.2, yaani theluthi moja.

Si uvumbuzi wa jana. Katika Maonyesho ya Dunia ya Paris ya mwaka 1867 kulikuwa na chombo kutoka Norwei kilichopika kwa kanuni hiihii: sufuria ndani ya sanduku lililojazwa kihami. Wakati wa vita vikuu viwili vya dunia, Waingereza walipopungukiwa na makaa, walihimizwa kupika kwa sanduku la nyasi kavu. Nasema haya kwa sababu wapo watakaolidharau kapu kwa kuliona teknolojia ya maskini. Ni teknolojia ya mtu yeyote anayejua kuhesabu.

Korogwe ina vazi, Handeni ina miti

Sasa tuzitazame wilaya zetu. Mtu asafiriye kutoka Mkata kwenda Handeni hupita nchi ya miyombo, nchi ya Wazigua, ambako mvua ni haba na maji ni ya kuhangaikia. Magunia ya mkaa yaliyosimama kando ya barabara humweleza msafiri habari ya miti hiyo kuliko kitabu chochote. Katika tanuri la udongo la kienyeji, kilo 1 ya mkaa huhitaji kilo 5 hadi 10 za kuni. Mti wa miyombo uliokatwa leo huchukua miaka mingi kurudi katika kimo chake, ukibahatika kuachwa. Kwa hiyo gunia moja la mkaa linalotumika Tanga mjini au Dar es Salaam kufanya mvuke wa maharage ni magunia mengi ya kuni yaliyotoka mahali ambapo mvua haina haraka ya kurudisha kilichoondolewa.

Upande wa Korogwe, bonde la Mto Pangani na vijito vyake lina mpunga, na penye mpunga pana pumba. Lina mashamba ya mkonge, zao lililoletwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893. Katika jani la mkonge, katani safi haizidi asilimia 4 hivi ya uzito wake. Na hata katika katani yenyewe ziko nyuzi fupi zisizofaa kamba, ambazo hubaki kiwandani. Nyuzi hizo zikikaushwa ni kihami kizuri. Ipo pia misufi, ambayo sufi yake tumeijaza katika magodoro na mito kwa vizazi vingi bila kukumbuka kwamba kilicholala nasi kwenye mto huo ni hewa iliyofungwa.

Kwa ufupi, Korogwe ina vitu vya kuvika sufuria, na Handeni ina miti inayohitaji kuokolewa. Umbali kati ya miji hiyo miwili hauzidi safari ya saa chache kwa barabara ya lami. Hakuna chombo kinachotakiwa kuagizwa ng'ambo, wala fedha za kigeni. Kinachokosekana ni mtu wa kuunganisha pumba za Mombo na sufuria ya Handeni. Mimi naona mtu huyo ni mwalimu wa sekondari na wanafunzi wake.

Majibu kwa wenye shaka

Shaka ya kwanza ni kwamba gesi inakuja, kwa hiyo mambo ya makapu yamepitwa na wakati. Ni kweli kwamba Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa miaka 2024 hadi 2034, umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Ni lengo jema, kwa sababu moshi wa jikoni huharibu mapafu ya mama na mtoto aliye mgongoni. Lakini gesi haitolewi bure. Kilo 1 ya gesi ina kilojuli 46,000 hivi. Tukisema nusu yake huingia chunguni, sufuria yetu ya maharage ikitokotwa mtindo wa zamani itakula gramu 250 za gesi, na mtungi wa kilo 6 utapika sufuria 24. Kwa kapu, itakula gramu 85 hivi, na mtungi huohuo utapika sufuria 70. Kaya nyingi zilizopewa mitungi hurudi kwenye mkaa kwa sababu mtungi huisha kabla ya mshahara au mavuno. Kapu si adui wa gesi. Ni rafiki anayeifanya gesi idumu ndani ya nyumba ya mkulima.

Shaka ya pili ni ya mpishi mwenyewe. Mwanafunzi akirudi likizo na kumwambia mama yake habari za kapu, mama atamjibu, "Mwanangu, na ugali nao utausongea kapuni?" Mama ana haki. Ugali hauivi kapuni, wala chapati, wala samaki wa kukaanga. Kapu ni la maharage, makande, kunde, nyama ngumu, wali na supu. Lakini hivyo ndivyo vyakula vinavyokula kuni nyingi kuliko vyote. Mwanafunzi mwenye adabu asimfundishe mama kupika. Amwombe sufuria moja siku moja, na amwachie mama mwenyewe atoe hukumu akishaonja.

Shaka ya tatu ni ya usalama, na hii siipuuzi. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoharibiwa kwa kuchemshwa barabara kwa dakika zisizopungua 10. Kuyapasha joto tu bila kuyachemsha hakutoshi. Ndiyo maana nimesema dakika 20 za kutokota kabla ya kapu, na asiwepo wa kuzifupisha. Vilevile, chakula kikishuka chini ya nyuzijoto 60 vijidudu huanza kuzaliana. Kisilale kapuni hadi kesho. Na kikikutwa vuguvugu, kichemshwe tena kabla ya kuliwa. Kihami nacho kiwe kikavu daima, kwa sababu maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa tulivu. Pumba zilizolowa si vazi tena.

Shaka ya nne ni kwamba kapu hukawiza chakula. Ni kweli: chakula cha saa 2 kitachukua saa 3 au 4. Lakini mama hayupo mbele ya moto katika saa hizo. Yuko shambani, kisimani au barazani, na mtoto hayuko karibu na moto unaoweza kumuunguza. Muda wa sufuria umeongezeka. Muda wa mtu umepungua.

Na kwa asiyetaka kapu kabisa, liko fungu dogo lisilogharimu hata senti. Funika sufuria. Ikishachemka, punguza moto mpaka mapovu yaonekane kwa tabu. Mpishi afanyaye hayo mawili tu ameokoa sehemu kubwa ya kilojuli 4,520 tulizozihesabu. Na atakayenunua jiko la mkaa, achague lile lenye ukuta wa udongo ndani ya bati, mfano wa lile lililoenezwa nchini Kenya tangu miaka ya 1980. Udongo huo ni fulana ya jiko, kama kapu lilivyo koti la sufuria.

Kazi ya shule

Wilaya hizi ziko chini ya milima ambako mwaka 1963 mwanafunzi wa kidato cha tatu wa Shule ya Sekondari ya Magamba, Lushoto, Erasto Mpemba, aliona kwamba maziwa yenye sukari aliyoyaweka katika jokofu yakiwa ya moto yaliganda kabla ya yale yasiyokuwa ya moto. Mwanzoni hakusadikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha habari hiyo katika jarida la kimataifa la fizikia. Wataalamu wanabishana hadi leo juu ya sababu zake. Sitaji habari hii kwa ajili ya fahari tu. Naitaja kwa sababu swali lile lilitoka katika kutengeneza chakula, na aliyeliuliza alikuwa mwanafunzi aliyeamini macho yake.

Leo katika mitihani yetu mwanafunzi hutaja njia tatu za uhamishaji wa joto, akapata alama zake, kisha akaenda jikoni mwa shule na kupanga foleni mbele ya sufuria isiyo na mfuniko inayotoa mvuke kama garimoshi la zamani la Tanga. Ujuzi huo na mvuke huo havijawahi kukutana. Hilo ndilo ninalolilalamikia.

Napendekeza basi kazi moja kwa kila shule ya sekondari ya Handeni na Korogwe, na kwa Chuo cha Ualimu Korogwe kinachowaandaa walimu. Chukueni sufuria mbili zinazolingana, maji lita 4 kila moja. Zichemsheni zote mbili. Moja iacheni mezani, nyingine ivikeni. Pimeni halijoto kila baada ya dakika 15 kwa muda wa saa 3, kwa kipimajoto kilichopitishwa katika tundu dogo la mfuniko ili msiufunue. Choreni grafu. Kisha badilisheni kihami: kundi moja litumie pumba, jingine sufi, jingine nyuzi za katani, jingine majani ya migomba. Ongezeni unene kutoka sentimita 2 hadi 5 hadi 10, na mtaona kwamba sentimita za kwanza huokoa kuliko zinazofuata. Loweni kihami kimoja kwa makusudi muone kinavyosaliti. Mwishoni pimeni kuni kwa mizani, kwa sababu mwanakijiji hatashawishika kwa grafu. Atashawishika kwa mzigo uliopungua.

Kisha nendeni jikoni mwa shule. Serikali ilikwisha kuelekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa, na shule za bweni zimo. Nishati mpya itakuwa na bei yake, na sufuria kubwa ndiyo inayofaidi vazi kuliko ndogo. Ukizidisha vipimo vya chombo mara 2, ngozi yake huongezeka mara 4, lakini ujazo wake huongezeka mara 8. Basi kila lita hupoteza nusu ya joto iliyokuwa ikipoteza. Sufuria ya makande ya wanafunzi 300, ikivikwa sawasawa, hukaa na joto lake kama mwamba wa Usambara uliochomwa na jua mchana kutwa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ni sufuria iliyo uchi, na ukuta tutakaolazimika kuujenga ni msitu mzima wa miyombo. Kuuziba kunahitaji kapu, gunia, pumba na sindano ya kushonea. Ndugu walimu, ndugu wanafunzi, vitu hivyo vyote viko Korogwe na Handeni. Kilichobaki ni kuanza na sufuria moja.